Grisi ya mjomba kwenye boneti ya Chevelle

Ilikuwa Julai 2014, Michigan, nina miaka miwili tu tangu nitoke Mombasa na nafanya kazi kwenye gereji ndogo ya mzee mmoja Mmarekani, mzee ambaye roho yake yote iko kwenye gari lake la Chevrolet, Chevelle SS 396 ya 1970. Hiyo 396 ni jina tu, mwaka ule Chevrolet walishaitanua injini ikafika inchi za ujazo 402 ila kibandiko wakakiacha vilevile, na mimi hiyo 402 naipenda sana kwa sababu robo maili ya mbio za magari za kunyooka ni mita 402 pia.

Basi Jumamosi tukaenda uwanja wa hizo mbio, joto nyuzi 34, raundi ya kwanza sekunde 14.9, ya pili 15.1. Mzee kimya. Alishazoea 14.5, na plagi ni mpya, kabureta safi, taiming kaipima mwenyewe asubuhi.

Kama hujawahi kuiona hiyo boneti, ina kinundu katikati na mdomo wake unatazama kioo cha mbele, si barabara. Hewa inaingiaje sasa? Upepo ukipiga kioo unarundikana pale chini yake, presha inapanda, halafu ukikanyaga mafuta mpaka mwisho vakyumu, yaani mnyonyo wa injini, inashuka na kifuniko kilichoko kwenye ule mdomo kinafunguka chenyewe, hewa baridi inateremka moja kwa moja kwenye kabureta. Hewa baridi ni nzito, imebeba oksijeni nyingi, ndo nguvu yenyewe hiyo. Siku ya kwanza kukiona kikifunguka nilisisimka mwili mzima, wallahi.

Na siku hiyo kilikuwa kinafunguka vizuri tu, ndo maana mzee hakukishuku. Lakini nilipogusa eya klina, lile boksi la kuchujia hewa juu ya kabureta, moto, kidole hakikai. Hapo nikamkumbuka mjomba wangu wa Changamwe, malori yake yalikuwa yanapita Voi kwenda Taveta enzi hakuna lami, na vumbi lile likipenya kwenye injini umeisha. Yeye akitaka kujua kama mpira unaziba anapaka grisi nyembamba kwenye ukingo, anafunga, anafungua, anaangalia chapa.

Nikamwomba mzee ruhusa, nikapaka ukingo wa juu wa eya klina pale mpira wake unapokutana na boneti, nikafunga, nikafungua. Chapa ilikuwa nusu duara tu! Upande wa nyuma mpira umekauka umesinyaa, kwa hiyo kifuniko juu kiko wazi lakini injini inanyonya joto la rejeta kutoka chini. Mzee akaniangalia, akaiangalia ile grisi, akachukua funguo za pikapu akaenda duka la vifaa vya ujenzi akarudi na roli ya sponji ile wanayozibia milango ya nyumba wakati wa baridi. Tukagandisha kwa gundi, tukapaka grisi tena, safari hii duara zima.

Saa tisa, jua bado kali vilevile, 14.5. Ile karatasi ya muda mzee akanipa mimi, ninayo mpaka leo.

Kesho yake nikampigia mjomba nikamweleza yote, Chevelle, kifuniko, sekunde, akasikiliza mpaka mwisho halafu akauliza kitu kimoja tu, "Na ile grisi ulikumbuka kuifuta, mwanangu?"

Niliifuta, mjomba.