Wifi na ile l ya kanali

Sendofu imepita salama, michango ilitosha kwa kubanabana, Kaka amelia mbele za watu, na mwenye nyumba kapandisha kodi ya fremu. Lakini mimi tangu Jumamosi nimebaki na neno moja tu.

Mshereheshaji alinipa maikrofoni nitambulishe wageni wa upande wa wakwe. Orodha yao ilikuwa ya Kiingereza, tena imechapwa steshenari nyingine na si kwangu, ila hilo tuliache. Mstari wa tatu mzee mmoja, na mbele ya jina lake: Colonel. Nikasoma nilichokiona. "Koloneli."

Wifi akanipokonya maikrofoni, imewashwa vilevile. "Ni kanali, wifi. Ka-na-li. Hata Kiswahili nacho?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee mwenyewe hata hakugeuka, alikuwa anashughulika na mfupa wa mbuzi.

Hata Kiswahili nacho. Naosha vyombo, nalisikia. Napanga rimu za karatasi, nalisikia. Kila likirudi namjibu wifi kwa namna nyingine: mara kwa upole, mara kwa utani, na juzi usiku nilimpa jibu kali mno, niko peke yangu jikoni na sufuria. Kinachouma ni kwamba kanali nalijua! Nimelisikia redioni tangu utotoni: luteni, kapteni, meja, luteni kanali, kanali. Sikujua tu kuwa ndilo lile linaloandikwa vile. Miaka yote hii nilidhani ni vyeo viwili tofauti.

Jumanne mvua ilinyesha, mteja hakuna. Nikachukua karatasi iliyoharibika, nikaandika C-O-L-O-N-E-L kwa kalamu nyekundu, nikaanza kuchimba.

Kumbe asili yake ni Kitaliano. Colonna ni nguzo, na pia safu ya askari, na mkuu wa safu akaitwa colonnello. Karne ya 16 Wafaransa wakalichukua, l mbili kufuatana zikawashinda, ya kwanza wakaigeuza r: coronel. Waingereza wakalipokea hivyohivyo, na r yake. Baadaye wasomi wao, waliokuwa wakitafsiri vitabu vya vita vya Kitaliano, wakairudisha l kwenye maandishi, lakini midomo ya watu ikagoma kufuata. Basi hadi leo wanaandika l, wanatamka kama r ipo, na ukilisikia huwezi kulitofautisha na neno lao kernel, yaani kiini cha kokwa. Wahispania wamebaki na coronel yao bila aibu. Wafaransa walioanzisha mkorogo wenyewe wamesharudi kwenye l!

Hapo nikacheka peke yangu dukani hadi muuza mihogo akachungulia. Maana wifi ninayemsema ni yuleyule wa arobaini ya Babu, mnamkumbuka, aliyesimama mlangoni akiwaambia wageni "kalibuni mre". Cheo kizima cha jeshi la Uingereza kimepitia kwenye ulimi kama wake.

Na sisi je? Sisi tuliandika tulichokisikia kwa Waingereza, ambao r ya namna ile huimeza. Kanali: l ya kwanza haipo, na r haipo. Nikazikata zote kwa kalamu nyekundu, nikaitazama ile karatasi kwa raha isiyo na sababu. Luteni nalo nikalifuata: kwa Kifaransa ni mahali na mwenye kushika, yaani mshika nafasi, kwa hiyo luteni kanali anashika nafasi ya kanali. Waingereza wanalitamka na f katikati. Huko sikutaka hata kuingia.

Nikamtumia wifi ujumbe wa sauti wa dakika tatu, nguzo, Wataliano na yote, ila habari ya "kalibuni" nikaiacha. Akasikiliza. Akajibu kwa kidole gumba.

Sijui hata ni cha asante au cha nyamaza, na sina muda wa kukifikiria, kwa sababu tangu jana mashine ya fotokopi inaacha mstari mweusi ubavuni mwa kila karatasi. Nimesafisha kioo, nimebadilisha wino, mstari upo. Shule ya jirani wanataka nakala 300 za mtihani Ijumaa. Fundi anasema ngoma ya ndani ya mashine ndiyo imekwaruzika, na ngoma mpya ni bei ya kodi ya mwezi, ile ya zamani, kabla haijapandishwa.