Siku yangu moja Mbagala: namtafuta anayeshika mwiko

Kazi yangu ni kufundisha lishe ya watoto wadogo mitaani. Saa 11 alfajiri nishaamka, cha kwanza naangalia maharage niliyoloweka jana usiku, yakilala kwenye maji yanaiva mapema na mkaa unaoenda ni kidogo. Chai, kanga, natoka.

Saa 12 na nusu niko soko la Rangi Tatu. Kwenye kikapu changu hakiingii kitu ambacho mama wa mtaani kwetu hawezi kukinunua kesho, kwa hiyo ni matembele, dagaa, karanga, nyanya, ndimu na papai basi. Karanga nachagua moja moja, iliyosinyaa au yenye ukungu naiacha, kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu. Ile sumu kupika hakuimalizi, na 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo muuzaji anisubiri tu.

Saa 2 naanza nyumba kwa nyumba. Watu wananiuliza kwa nini nisiwakusanye kina mama nikamaliza kazi, jamani mama mwenyewe yuko wapi? Katoka usiku kuwahi samaki Ferry, au yuko kiwandani, au anafua nguo za watu huko Masaki, mtoto kabaki na bibi au mama mdogo au jirani, na huyo ndo anamlisha kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Somo likiishia kliniki kwa mama halifiki kwenye sufuria, hili nalisema kila kikao na nitaendelea kulisema.

Nyumba ya leo iliyonikalisha ni ya bibi mmoja na mjukuu wa miezi 9. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu ndani." Nikamfunga mtoto utepe wa kupima unene wa mkono, ukasoma njano, sentimita 12 na kidogo, yaani lishe yake imepungua. Ingeshuka chini ya 11.5 ni nyekundu, hapo ni hospitali moja kwa moja. Uji upo kwenye chupa ya chai tangu alfajiri, mwepesi unamiminika kama maji. "Mbona anakunywa vizuri tu, hata halii," bibi ananiambia, na ni kweli halii, maana tumbo limejaa, ila tumbo la umri ule linabeba kama kikombe kimoja tu, sasa kikombe chenyewe kikiwa maji mtoto atakua na nini?

Kubishana na bibi haina faida, nikaomba sufuria. Tukaongeza unga, tukaweka kijiko cha karanga za kusaga, tukakoroga mpaka uji ukigeuza kijiko haudondoki haraka. Bibi akamlisha mwenyewe kwa kijiko, taratibu, mtoto akamaliza bakuli. Nikamwandikia rufaa ya kituo cha afya, na bibi nikaondoka naye kwenda darasani.

Saa 4 darasa, chini ya mwembe pembeni ya ofisi ya serikali ya mtaa. Wamekuja bibi wengi na babu mmoja ambaye mkewe anauza vitumbua, nikamweka mbele kabisa. Leo ubishi ulikuwa unga wa lishe. Mtu anasagisha mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga na dagaa, vyote mfuko mmoja, anaamini vikiwa vingi ndo lishe. Nikawauliza mahindi, mchele, ngano, ulezi na mtama ni makundi mangapi? Kundi moja! Mwongozo wa taifa wa 2023 una makundi sita, na nafaka zote hizo zimekaa pamoja na mihogo na ndizi za kupika. Halafu karanga na dagaa zikishasagwa humo unga unaharibika upesi, na soya isipoandaliwa kwa moto vizuri inamsumbua mtoto tumboni. Saga ulezi peke yake au dona, karanga utaziweka ukiwa unapika, hela inabaki ya papai.

Tukapika matembele kwa karanga na dagaa, moto mfupi, ndimu ikakamuliwa mwishoni maana inausaidia mwili kuchukua madini chuma ya kwenye mboga. Chai ya rangi juu ya chakula inafanya kinyume chake, ukishakula isubiri kwanza saa nzima. Babu hilo halikumfurahisha lakini kaomba kukoroga sufuria.

Saa 8 tunaosha vyombo, saa 9 ripoti. Kitaifa watoto waliodumaa walikuwa asilimia 34 kwenye utafiti wa 2015/16, wa 2022 ukatoa 30. Imeshuka kweli, ila bado katika kila watoto kumi watatu, siwezi kupiga makofi.

Saa 12 na nusu jioni narudi kwa yule bibi, mama mtoto ndo anaingia. Bibi ana mwiko, hela anayo mama, lazima wanisikie wakiwa wamekaa pamoja. Tumekubaliana ile hela ya biskuti na juisi za pakiti anayoacha kila siku inunue karanga, dagaa na tunda, na bibi ndo atampeleka mtoto kliniki kesho asubuhi, mimi nitawapitia saa 1 twende wote.