Siku moja maishani mwangu: kazi ya kupaki ndege, na zile mita za mwisho

Saa 10 alfajiri
Alamu. Nakaa Gongo la Mboto, so kutoka kwangu hadi uwanja wa Julius Nyerere sio mbali kivile, ila basi la wafanyakazi halimsubiri mtu, ukilikosa bodaboda ni juu yako. Majirani wanajua mimi hosti wa ndege, nimeeleza hadi nimechoka, jamani mimi nipo chini kwenye lami na reflekta na zile fimbo mbili zenye taa, napokea ndege ikitua inakuja kupaki.

Saa 12 asubuhi
Kikao cha dakika chache, tunagawana stendi, yaani sehemu za kupaki ndege. Kila mtu anajua pa kusimama, mimi mashala leo, yule anayesimama mbele kumwongoza rubani kwa fimbo, wawili wanaangalia mabawa kushoto na kulia. Halafu tunatembea stendi nzima kwa miguu, tunaokota vipande vya mifuko, skrubu, hata kufuli ya begi, maana vikinyonywa na injini ni balaa lingine. Na tunaangalia ule mstari mwekundu. Ndege ikiwa inaingia, hakuna kifaa kinachoruhusiwa kuuvuka, sio toroli, sio ngazi, sio koni.

Saa 1 na nusu
Ndege za ndani, zile za pangaboi, zinaingia na kutoka fasta. Hapa sina la kusimulia, mabawa ni kama mita 28, nafasi ipo, marubani wanapajua kama kwao.

Saa 3
Inaingia Boeing 787, na hii ndio nataka muielewe. Bawa hadi bawa ni mita 60. Rubani akikaa kule mbele ncha za mabawa yake hazioni vizuri, kwa hiyo anategemea mstari wa njano chini, ile skrini ukutani, na sisi. Skrini inampima umbali, inahesabu mita hadi anasimama, lakini inafuatilia pua ya ndege, ya bawa haijui. Huko kwenye bawa ni macho ya binadamu. Tena bawa limelala kwa nyuma, so ndege ikikata kona ncha yake inatoka nje zaidi ya unavyodhani. Kwa ndege kubwa kama hii kanuni za kimataifa zinataka mita saba na nusu kati ya bawa na kitu chochote, kwa zile za saizi ya 737 ni nne na nusu. Ukisikia unaona nyingi, ukisimama pale ndege inakuja ni kidogo sana.

Imesimama. Mtu hasogei mpaka injini zizimwe na ile taa nyekundu ya tumboni iache kuwaka. Tunaweka choki, vile vizuizi vya matairi, na koni, ndio magari yanakuja. Na hapa ndipo watu wengi hawajui, ndege nyingi hugongwa zikiwa zimeshasimama, tunazigonga sisi wenyewe na magari ya mizigo, ngazi, madaraja ya abiria. IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, walitoa ripoti 2022 kwamba gharama za uharibifu wa aina hii zinaweza kukaribia dola bilioni 10 kwa mwaka ikifika 2035 kama hakuna kitakachobadilika. Ndio maana dereva wa gari la mkanda wa kupandishia mizigo lazima asimame kabla hajaikaribia ndege ajaribu breki, kisha aje taratibu kwa ishara. Leo mzee wetu mmoja kajaribu, akashuka, akaniambia mwanangu hii breki siipendi. Nikamwambia shikamoo mzee, liweke pembeni. Likafungwa utepe, tukaleta lingine.

Na 787 nusu ya uzito wa umbo lake ni kompositi, yaani tabaka za nyuzi zilizogundishwa pamoja, sio bati. Bati ukiligonga linabonyea unaona, hii unaweza kuigonga nje ikabaki safi na ndani tabaka zimeachana. So ukigusa hata kidogo, sema, fundi aje.

Saa 6 mchana
Wali maharage, na video kwenye simu. Vijana wanarudia ile ya Heathrow, Aprili 2024, 787 tupu inasukumwa kutoka kwenye geti bawa lake likaigusa A350 iliyopaki jirani. Mimi huwa nawatajia Johannesburg, Desemba 2013, 747 ilipita barabara nyembamba ambayo sio yake bawa likaingia kwenye jengo, watu wa ndani wakaumia. Ndege inatembea mwendo wa mtu na bado inapasua ukuta.

Saa 8
777 inakuja, mtu wa bawa la kulia kapishanisha fimbo zake juu ya kichwa, alama ya msalaba, simama. Na mimi nikapishanisha zangu hapohapo, sijauliza kwanini, huwa huulizi. Rubani kafunga breki. Kumbe foleni ya toroli imeachwa na ya mwisho imechungulia ndani ya mstari. Bawa lingepita juu yake, ila injini ya 777 inaning'inia chini na ni nene, hiyo ndio ingelilamba. Kijana mmoja akataka kukimbia aivute kwa mkono, "dada nafasi kibao", nafasi gani wakati injini inanguruma, nikampigia ukelele arudi. Trekta likazunguka upande wa jengo likazivuta, stendi ikakaguliwa upya, ndio tukaiita ndege.

Saa 9
Ripoti. Supavaiza ananiuliza kaka wa bawa alikuwa na uhakika? Alikuwa na mashaka, inatosha, mashaka ndio kazi yake. Ucheleweshaji umeandikwa kwetu, sawa, ila jina la aliyeiacha toroli sijaliandika, nimeandika kwamba mstari mwekundu pale umefutika nusu na unatakiwa kupakwa rangi, maana kesho ataiacha mwingine.

Saa 10 jioni
Makabidhiano. Gari la mkanda lenye breki mbovu lipo pembeni na utepe wake, nimewaambia wa usiku wasilitoe hata zikiingia ndege tatu kwa mpigo, wamsubiri fundi.