Mzee wa Maskati kwenye megahezi 21

Mpwa wangu kakuta waya umepita kutoka kwenye mwembe hadi ukingoni mwa paa, akaufuata kwa macho mpaka dirishani, kisha akaniuliza: "Mjomba, hii inakula bando la mtandao gani?" Nikamwambia haili bando, ni antena ya redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza na watu wa mbali kwa mawimbi. "Sasa unalipia nini?" Leseni ya TCRA, nikasema, na betri. Akacheka kwa adabu, akarudi kwenye simu yake.

Swali lake lilinirudisha Oktoba 2014, nyumba ile ile ya Chumbageni, Tanga. Leseni ilikuwa imeshatoka, herufi zangu za kujitambulisha hewani, zinazoanza na 5H, nimezibandika juu ya meza, na redio imeshafika, Icom IC-718 ya mkono wa pili. Ilivyopatikana ni habari ndefu, tuiache. Kilichobaki kilikuwa antena.

Kwa megahezi 21 antena ya kuanzia haina fumbo: waya uliokatwa katikati, na kebo ya redio imeungwa hapo. Gawa 143 kwa masafa unayoyataka, kwa megahezi, jibu ni urefu wa waya wote kwa mita. 143 kwa 21.25 ni 6.73, yaani mita 3.36 kila upande. Hesabu hiyo ni ya shaba tupu. Waya wa umeme wa nyumbani, ule wa milimita za mraba 2.5 wenye gamba la plastiki, hupunguza kidogo mwendo wa wimbi, kwa hiyo antena huishia fupi kwa asilimia mbili tatu. Unaanza na mita 3.5 kila upande, kwa sababu waya uliozidi hukatwa, uliopungua una kazi.

Kupima ni kwa wati tano, sita, si zaidi, na unapima ncha zote mbili za bendi: 21.000 na 21.450. SWR, kipimo cha jinsi antena inavyopokea nguvu bila kuirudisha (1 ndiyo bora), ikiwa afadhali kule chini na mbaya kule juu, antena ni ndefu. Ikiwa kinyume chake, ni fupi. Katika bendi hii sentimita moja ikitoka kila upande, masafa ya antena hupanda kama kilohezi 65. Usishike mkasi mapema. Kunja ncha irudi juu ya waya wenyewe, ibane kwa tepu, pandisha, pima, shusha, kunja tena. Ilipofika mita 3.26 kila upande, SWR ikasimama 1.3 katikati ya bendi, ndipo ncha zikakatwa.

Katikati nilitumia kipande cha kibao cha plastiki cha kukatia nyama, kimetobolewa ili kebo na nyaya zipite na kujikaba zenyewe, kwa sababu uzito ukibebwa na lehemu, upepo wa kwanza tu unamaliza kazi. Chini yake kebo ya RG-58, ile ya kutoka kwenye redio, imezungushwa mizunguko minane kwenye bomba la PVC la inchi nne. Mizunguko hiyo huzuia mkondo usitambae kwa nje ya kebo kurudi ndani ya nyumba. Ukirudi, sauti yako inaingia kwenye maiki yako mwenyewe na midomo inakula shoti. Maungio nimeyapaka silikoni, nikayaviringisha ukanda wa tyubu ya baiskeli. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada: chumvi. Maji yakishaonja ule wavu wa shaba wa ndani ya kebo, unakuwa mweusi mita kwa mita, na kwa nje hujui kitu.

Upande wa mwembe kamba ilipanda kwa manati: mshipi wa kuvulia wenye chubwi, ukishavuka tawi unavutia kamba nene. Upande wa pili kulikuwa na mnazi, akapanda mkwezi kufunga kapi. Kamba ikapita kwenye kapi na kuning'iniza dumu la lita tano lililojazwa maji nusu. Mnazi unayumba, bila dumu kupanda na kushuka, waya ungekatika kusi la kwanza. Antena ikakaa mita saba juu, nusu ya urefu wa wimbi, imelala mashariki kwa magharibi ili ipige kaskazini na kusini. Mashariki yetu ni bahari na samaki, hawana redio.

Baada ya hapo ikaja kazi ambayo vitabu huipa aya moja: kusikia. Mshale wa mita ya S, ile inayoonyesha nguvu ya kinachoingia, ulikuwa umekaa S7 hata hakuna mtu anayeongea. Taa za LED za bei ya chini, chaja za simu, king'amuzi cha jirani, kila kifaa kinachokatakata umeme kwa kasi ili kupata volti ndogo kinatema uchafu kwenye nyaya za nyumba, na nyaya za mtaa mzima ndizo antena yake. Kila hatua moja ya S ni desibeli 6, yaani nguvu mara nne. Mtu anayekufikia kwa S5 yupo hewani, anaongea, ila amefukiwa.

Ukitaka kujua kama bendi imefunguka kabla hujapoteza pumzi, nenda 21.150. Pale kuna minara 18 ya kupimia bendi ya dunia nzima inayopokezana, kila mmoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika tatu. Mnara unatuma herufi zake kwa Morse, halafu mistari minne mirefu: wa kwanza wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa mwisho sehemu moja ya kumi ya wati. Jioni ile 4X6TU wa Israel alisikika mpaka mstari wa pili, juu ya kelele zote zile. 5Z4B wa Kenya, jirani kabisa, kimya, na si ajabu: hata awe hewani, wimbi la megahezi 21 lipandalo angani hurudi ardhini mbali, na sisi tulio kilomita mia chache tunaachwa chini ya upinde wake.

Saa kumi na moja jioni, yaani 1400 kwa saa za UTC, umeme ukakatika.

Mtaa ukaguna kama kawaida yake. Mimi nikahamisha nyaya kutoka kwenye pawasaplai kwenda kwenye betri ya gari, N70, iliyokuwa chini ya meza. Redio ilipowaka nilidhani antena imechomoka. Mshale ulikuwa S1. Nikazungusha kitufe taratibu. Kila kilohezi tatu nne kulikuwa na mtu: Kiitaliano, Kirusi, Mwarabu mmoja anacheka, mwingine anahesabu moja mpaka tano akijaribu kitu. Wote walikuwapo tangu mwanzo.

21.260 ilikuwa wazi. Juu ya megahezi 10 sauti hutumwa kwa USB, yaani upande wa juu wa wimbi (si ule mlango wa kompyuta), nikahakikisha. Nikauliza kama kuna mtu anatumia masafa yale, nikangoja, nikauliza tena. Nikaita CQ, wito kwa yeyote anayesikia, kwa herufi zangu polepole, nikaachia maiki.

Aliyejibu, herufi zake zilianza na A4, yaani Oman. Sauti ya mtu mzima, kavu, Kiingereza cha ofisini. Akanipa ripoti: nne na tatu. Nne kwa kueleweka, kati ya tano. Tatu kwa nguvu, kati ya tisa. Siku hizi watu hugawa tano-tisa kama pipi, kwa hiyo ripoti ya kweli hushtua kidogo. Akasema yuko Maskati. Nami nikampa yake, tano na tano, na mahali nilipo: Tanga.

Pakapita kimya. Kisha, kwa Kiswahili:

"Tanga hii hii ya kwetu?"

"Hiyo hiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Nikasikia kiti kikilia kwa upande wake. "Nnakupata, lakini unakatika. Kila ukilitia neno uzito, redio yako inazima. Upo kwenye betri?"

"Kwenye betri, mzee. Umeme umekatika."

"Waya wa betri mnene kiasi gani?"

"Mbili na nusu. Mita tatu."

"Basi hapo. Punguza nguvu. Weka wati ishirini na tano, useme tena."

Nilivyomwelewa baadaye kwa kalamu na karatasi ni hivi. Mita tatu kwenda na tatu kurudi ni mita sita za shaba ya 2.5, kama omu 0.04. Redio ya wati 100 inavuta karibu ampea 20 kwenye vilele vya sauti, kwa hiyo robo tatu ya volti inaishia njiani. Betri yenyewe, ikishabebeshwa mzigo, iko 12 na kidogo. Redio imetengenezwa kwa volti 13.8, na ikishushwa chini ya 11.7 hivi haiahidi kitu. Ukinong'ona inafanya kazi, ukisema kwa nguvu inajikata. Duka la vifaa vya umeme pale mjini wiki ile lilikuwa na 2.5 tu, nilichohitaji ni 6, fyuzi mbili karibu na betri, na urefu usiozidi mita moja na nusu.

Nikazungusha nguvu mpaka 25. Kushuka kutoka wati 100 hadi 25 ni desibeli 6, hatua moja tu ya S. Ukiwa mgeni unaona umetupa robo tatu za mali yako. Yule wa upande wa pili anaona mshale umeshuka alama moja.

"Sasa tano na mbili," akasema. "Umeshuka, lakini neno lote nalipata. Enhe, niambie, vuli zimeshaanza?"

Bado, nikamwambia, mawingu tu. Akaniambia alitoka Wete, Pemba, akiwa mdogo, na kwamba kwake Magharibi imeshaadhiniwa, kwa hiyo hana muda mrefu. Halafu, badala ya kwenda, akaniuliza antena yangu. Nikamweleza. Akaguna kwa namna ya fundi anayeona kazi si mbaya lakini si yake. Akasema mbona naufunga waya kwa bendi moja? Waya uliokatwa kwa megahezi 7 unafanya na 21 pia, kwa sababu 21 ni mara tatu ya 7: nusu moja ya wimbi kule, nusu tatu huku, na kebo ni ile ile. "Ila kipimo hakitoki sawasawa," akasema, "wengi wanakosea hapo. Mimi wangu nimeukata mita ishirini na nukta..."

Umeme ukarudi. Watoto wakashangilia, na mshale ukaruka S7. Niliendelea kusikia kwamba kuna mtu anaongea, urefu wa sentensi na pumzi zake, lakini neno hakuna. Nikambonyezea kwamba nimempoteza, nikamshukuru, nikatoa herufi zake na zangu. Kwa kanuni, mawasiliano yalikuwa yamekamilika: herufi zimepokelewa pande zote, ripoti zimepokelewa. Nikaandika kwenye daftari: saa, masafa, 43, kisha 52. Safu ya maelezo ikabaki na "20 na nukta".

Kadi ya kuthibitisha mawasiliano nilimtumia. Haikurudi, na kwenye 21 sikumkuta tena.

Nikisimulia haya watu huniuliza nilijifunza nini, na hutaka niseme kwamba ukipunguza nguvu unasikika zaidi. Labda. Lakini bila umeme kukatika ningekuwa na wati zangu 100 safi za pawasaplai, naye angenisikia vizuri tu, akajibu, na mimi nisingejua. Ningeita, nikangoja, nikazima redio nikisema bendi imekufa.

Kuhusu waya wa bendi mbili alikuwa sahihi kwamba kipimo hakitoki. Kwa 7.1 hesabu inakupa mita 20.14. Lakini waya huo huo ukifanya kazi kama nusu tatu za wimbi, unaitika karibu na megahezi 22, juu ya bendi, kwa sababu ule ufupi kidogo unaoletwa na ncha za waya huhesabiwa mara moja tu, si mara tatu. Ukirefusha mpaka 20.8 ili 21 ikae sawa, 7 inaporomoka chini ya 6.9. Zote hizo ni kwa shaba tupu. Wenye gamba ondoa asilimia tatu. Kuna wanaochagua katikati na kuvumilia SWR mbovu pande zote. Kuna wanaokata kwa 7, halafu wanafunga vitanzi vya waya kama mita tatu na nusu kutoka katikati, kila upande, mahali ambapo volti ya 21 iko kileleni; vinaishusha 21 na 7 haishtuki sana. Mimi nilifanya hivyo, na ndio waya anaoushangaa mpwa wangu. Kama mzee alikuwa wa katikati au wa vitanzi, inategemea nini kilifuata baada ya nukta.