Yai Namba 14

Juzi asubuhi mwanangu alikuwa anamenya yai la kuchemsha, akasita, akauliza, "Mama, hili lingekuwa kifaranga?" Nikamjibu hapana, mama tunayenunua kwake anafuga mitetea tu, hana jogoo. Akalitia chumvi akala. Mimi chai yangu ilipoa mezani, maana nilikuwa nimesharudi kwenye kile chumba cha giza chini ya milima ya Uluguru, mwaka 2009.

Nilikuwa nagandisha mbegu za jogoo wa Kuchi, wale kuku wa kienyeji warefu. Sababu ni hii: mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipita kwa bibi ukamaliza banda zima ndani ya wiki moja, na wale majogoo warefu aliokuwa akiwaita askari wakaisha. Kwa ng'ombe kazi hii imezoeleka. Mhimilishaji, yaani mtaalamu anayepandikiza mbegu bila dume, anafika na pikipiki na mtungi wake wa naitrojeni ya kimiminika, ndani mna baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, anachomoa mrija, anahimilisha, anaondoka. Nikajiuliza kwa nini kuku wa bibi wasiwe na mtungi wao.

Na kumbe safari yenyewe ilianza na jogoo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, pale Mill Hill, London, wanasayansi Chris Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wanahangaika kuzikinga mbegu na baridi kwa sukari ya matunda bila mafanikio, mpaka chupa moja iliyobandikwa lebo isiyo yake ikawapa jibu. Ndani yake mlikuwa na gliserini. Mbegu za jogoo ziligandishwa, zikayeyushwa, zikaogelea. Kila nilipochoka nilikuwa nawaza ile chupa.

Ugumu wote uko kwenye maji. Ukipoza haraka mno, maji hayawahi kutoka kwenye seli, yanageuka barafu humo humo na kuipasua. Ukipoza polepole mno, maji yanatoka, chumvi inayobaki inakolea mpaka inaidhuru. Mwanasayansi Peter Mazur alipiga hesabu ya maji hayo mwaka 1963, nami nililala nayo miezi mingi. Gliserini inapunguza ule ukali wa chumvi. Lakini kwa kuku inadai malipo: mtetea akihimilishwa mbegu zenye gliserini, anataga mayai viza matupu, hata kama zile mbegu ulizishuhudia zikikimbia chini ya hadubini. Lazima uitoe kwanza, hatua kwa hatua, kwenye baridi. Miezi saba niliharibu mirija. Nikaona mbegu zikiogelea, nikafurahi; nikapima mayai kwa mwanga, yote meupe, hayana kitu. Nikaanza upya.

Jioni ile ilikuwa siku ya saba tangu mayai 32 yaingie kwenye mashine. Umeme ulikuwa umekatika mchana ukarudi, na tulikuwa tumeyafunika kwa mablanketi. Fundi wa maabara, mzee aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, alizima taa akawasha balbu ndani ya lile boksi lenye tundu. Yai la kwanza: mwanga unapita mzima mzima, rangi ya juisi ya papai. La pili hivyo hivyo. La tatu. Nilikuwa naandika "tupu" bila kutazama daftari. Tulipofika la 14 mzee hakulitoa kwenye tundu. Akaniita kwa mkono tu. Nikainama.

Mlikuwa na mishipa. Myembamba, myekundu, imetawanyika kama miguu ya buibui, na katikati yake doa jeusi dogo kuliko punje ya mtama. Doa likacheza. Nikadhani ni mkono wa mzee uliotikisika, likacheza tena. Nililishika yai lile likiwa na joto la mashine, nikaogopa hata kulipumulia. Mzee akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu yumo."

Asubuhi nilimkimbilia Profesa, nikasahau hata shikamoo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Binti, mitetea uliwatenga na jogoo siku ngapi kabla ya kuwahimilisha?"

"Kumi na nne, Profesa."

Akanyamaza. Mtetea ana vijifuko ndani ya njia ya yai, vidogo mno, anavyohifadhia mbegu. Jogoo anaweza kuondoka leo na yeye akaendelea kutaga mayai yenye uhai wiki mbili, hata tatu. Mitetea wangu walikuwa wametoka kwenye banda lenye jogoo, naye ni Kuchi vilevile. Kipimo cha vinasaba kingeamua, ila fedha za mradi zilikuwa zimeisha.

Ripoti ikaandikwa kwamba hakuna yai lililothibitika. Ni kweli, na ningeandika hivyo hivyo leo. Kwenye orodha ya tafiti zangu, ninayoipeleka kila mwaka wanapoiomba, yai lile halimo. Limo kwenye daftari la kijani, kwa mwandiko uliopinda kwa sababu niliandika gizani: "14, mishipa, anacheza."

Siku ya 21 alitoka. Akawa jogoo. Nilimpeleka kwa bibi ndani ya kikapu, nikamweleza yote: huenda baba yake alilala kwenye barafu miezi minne, huenda alikuwa anatembea tu bandani. Bibi alimgeuza, akamkagua miguu, shingo, tena miguu, kwa muda mrefu. Kisha akamwachia uani.

"Mletee maji," akaniambia.