Jedwali la maji kwenye kitochi: nilipofikia

Ukurasa wangu wa maji kupwa na maji kujaa ya Tanga sasa unasomeka kwenye Smart Kitochi ya mzee jirani, mvuvi, na huyo ndiye niliyekuwa namlenga tangu mwanzo. Simu hiyo, iliyoletwa na Vodacom Tanzania mwaka 2019, inatumia KaiOS, mfumo endeshi wa simu za vitufe, na kivinjari chake kimejengwa juu ya injini ya Firefox 48 ya mwaka 2016. Kioo ni pikseli 240 kwa 320, mkono uko kwenye vitufe vya mishale.

Kazi iliyonichukua muda ni JavaScript, lugha inayoufanya ukurasa utende mambo. Firefox ilianza kuelewa async na await, maneno yake ya kusubiri jibu bila kukwama, kwenye toleo la 52, mwaka 2017. Kivinjari cha nyuma ya hapo kikikuta maneno hayo hakiruki mstari mmoja. Kinakataa faili zima kimyakimya. Kwa hiyo jedwali lote, yaani siku, saa na kimo cha maji, linaandaliwa kwenye seva na kufika likiwa HTML tupu, maandishi ya ukurasa yasiyohitaji JavaScript. Mchoro wa maji nimeuweka kwenye faili la JavaScript lenye alama ya type="module", yaani moduli. Kivinjari kisichojua moduli kinalipita bila kulisoma, hakuna kinachoharibika.

Mpangilio huo umefaa pia Opera Mini, ambayo watu huitumia kubana bando. Ikiwekwa kwenye hali ya kubana zaidi, kurasa huandaliwa kwenye seva za Opera kwanza, na JavaScript hufanyiwa kazi hukohuko. Haipokei fonti za tovuti, basi alama zinazotegemea fonti nimezitoa zote.

CSS, yaani maelekezo ya mwonekano, ilikuwa nyepesi, isipokuwa gap, nafasi kati ya vipande. Kwenye simu ya Android 4.4, Chrome iliishia toleo la 81. Ukiiuliza kwa @supports kama inajua gap inajibu ndiyo, kwa sababu inaijua ndani ya grid, mpangilio wa safu na mistari. Ndani ya flex, mpangilio wa vipande kwenye mstari, ilikuja toleo la 84. Hapo nimetumia margin, nafasi ya pembeni ya kila kipande, imekaa sawa kote.

Mzee alipoona jedwali aliniambia, "Saa za maji nazijua, mwanangu. Niwekee bamvua na maji mafu, nipange wiki." Siku za maji makubwa (bamvua) na za maji madogo (maji mafu) zimeingia kwa maandishi mazito kwenye safu ya siku, si kwa rangi. Hilo ndilo badiliko ninalolipenda kuliko yote.

Kimebaki cheti cha usalama. Nimetumia Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo, na Android za kabla ya 7.1.1 hazikitambui cheti chake cha mzizi, kinachothibitisha vyeti vingine; cheti cha daraja kilichokuwa kikizisaidia kilikwisha mwaka 2024. HTTP, njia isiyo na cheti, inaweza kuchezewa njiani, lakini ukurasa hauna nywila wala fomu, na mtu anayezuiwa na onyo hapati hata saa ya maji. Nimeacha njia zote mbili wazi, yenye cheti na isiyo nacho. Sasa naingiza jedwali la Pangani.