Pedali ilizama hadi kwenye kapeti
Jana tunashuka Lushoto kwenda Mombo, nakanyaga breki, pedali inazama hadi chini. Nikaipampu harakaharaka, nikarudi gia namba mbili, breki ya mkono kidogo kidogo, gari likasimama pembeni. Na kona za ile barabara mnazijua!

Fundi akaingia uvunguni: paipu ya chuma ya tairi la nyuma imeliwa na kutu, mafuta ya breki yanachuruzika mpaka kwenye rimu. Katundu kenyewe hata hukaoni. Lakini mafuta yakipata pa kutokea, presha ya kukaza breki haifiki kwenye tairi. Kilichotuokoa ni masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, kuwa na njia mbili; moja ikivuja, nyingine inashika, japo gari linachelewa kusimama.

Paipu mpya imefungwa, upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki umetolewa. Anayewaambia mkunje paipu iliyotoboka muendelee na safari, msipande gari lake.